Nilichomficha Pius Mpaka Johannesburg

Tangu turudi, kila mshikaji anayeingia dukani kwangu kununua plagi au mnyororo wa pikipiki anaanza na swali lile lile: "Hamisi, huko kwenye magemu ilikuwaje?" Najibu kwamba ilikuwa poa, watu walikuwa wengi, kisha namuuliza anataka mnyororo wa saizi gani. Wengine wamesikia kwamba tulirudi hatusemezani, wakatunga sababu zao. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Deo amenipa ruhusa. "Andika yote," aliniambia, "ila usinipambe. Na wewe mwenyewe usijipambe."

Habari za pasipoti na tiketi naziruka, hazina utamu. Nianze na sisi wenyewe, kwa wasiotufahamu.

Deo ni mtoto wa wakulima wa Kasense. Alikuwa dereva wa bodaboda, kijiwe chake Katandala, hatua chache kutoka dukani kwangu. Pius ni mwalimu wa Kiingereza, kwao Bukoba. Ameishi Sumbawanga miaka sita na Kifipa kimemshinda mpaka leo. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, kwenye duka la vipuri la marehemu baba. Tulijuana watatu kwenye kibanda cha gemu nyuma ya saluni, ambako Deo alikuwa hashikiki katika gemu la kupigana. Pius ndiye aliyeona kwenye simu habari za maonyesho makubwa ya magemu Johannesburg. Tukacheka. Baadaye tukaacha kucheka, tukaanza kupanga.

Kabla ya safari lilitokea jambo moja. Masika ile Deo alinunua kwangu vioo vya pembeni mara tatu. Kila mara alisema watu wanapaki magari vibaya. Mara ya tatu nilimnyooshea boksi la kioo kutokea ubavuni mwake, hata hakugeuka. Nikaita, "Deo, pokea." Akapapasa kaunta, akaliangusha. Wiki iliyofuata nilimpeleka Mbeya kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Deo alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Na pikipiki aache mara moja.

Tukiwa njiani kurudi, Deo alisema, "Nitaacha. Tukitoka Johannesburg, naacha. Nikiacha sasa nyumbani watauliza, na mama hataniruhusu kwenda popote. Nataka nikaone vile vitu wakati bado naona, Hamisi. Usimwambie mtu."

Nikakubali. Kwa miezi mitatu nilikaa kimya, na kila asubuhi Deo alipita mbele ya duka langu akiwa amempakia Anjela, binti wa Pius wa darasa la pili, akimpeleka shule kutoka kwao Izia, anakoishi Pius. Mtoto alimshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Nikiwaona nilikuwa nainama chini ya kaunta, najifanya napanga boliti.

Sumbawanga hadi Tunduma

Tuliondoka asubuhi ya baridi kali, baridi yetu ile ya kipupwe inayomfanya mtu atembee mikono kwapani. Mama yake Deo alikuja stendi kutoka Kasense na mfuko wa karanga za kuchemsha, mwingine wa mahindi ya kukaanga, na maagizo mengi kwa Kifipa. Alinishika mkono. "Mwanangu, mwangalie mwenzio, siku hizi anajikwaa kwaa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Pius akauliza amesema nini, nikajibu anatutakia safari njema.

Deo alikaa dirishani. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, mabua ya mahindi yamelala, ng'ombe wanazurura mle ndani. Pius alipiga soga mpaka Laela: gemu gani tutaanza nalo, nani tutampiga, atamletea Anjela nini. Laela tulinunua mayai ya kuchemsha yenye kachumbari ya pilipili. Pius alimwashwa mpaka machozi yakamtoka, basi zima likacheka naye.

Tunduma tulishuka, tukaenda mpakani kwa miguu, tukipita kando ya foleni ya malori ambayo sikuiona mwanzo wala mwisho. Kwenye ofisi ya kuvukia, ofisa mmoja mtu mzima alisimama upande wa kulia wa mlango, ameunyoosha mkono apewe pasipoti. Pius akampa, mimi nikampa. Deo akampita kama vile amepita nguzo.

"Wewe kijana! Umelewa?"

Deo aligeuka, akamtafuta yule mzee kwa macho, mara huku, mara kule. Aliyemwangalia angesema kweli amelewa.

"Shikamoo mzee," akasema. "Samahani, nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini mpaka hunioni? Hebu tembea hapa, mpaka ukutani, urudi."

Akatembea, akarudi, amenyooka vizuri kabisa. Watu kwenye foleni wakatazama. Mzee akampulizisha pumzi puani mwake, akanusa karanga tu, akapokea pasipoti yake, akaikagua na kumrudishia huku akitikisa kichwa. Tulipofika Nakonde, upande wa Zambia, Pius alimgeukia Deo.

"Kaka, hii tabia yako ya kudharau watu itatuponza. Hata shuleni walimu wenzangu wanasema unapita bila kusalimia, unajidai."

Deo alinitazama mimi. Nilikuwa nahesabu mabegi, na mabegi yenyewe yalikuwa matatu.

Kukwama karibu na Mpika

Basi letu la kwenda Lusaka liliharibika asubuhi ya pili, mbele kidogo ya Mpika, msitu kulia na msitu kushoto. Dereva alisema ni saa moja tu. Zilikuwa tisa. Kwa kuwa nauza vipuri, nilikwenda kuchungulia injini nikitaka kusaidia. Fundi akaniondoa kwa lugha nisiyoifahamu, lakini maana yake niliipata.

Abiria walitandika vitenge chini ya miti. Karibu nasi alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, ambaye wenzake walimwita Mama Chanda. Alikuwa Mmambwe wa upande wa Mbala. Deo alipomsikia akiongea alicheka kwa furaha: Kimambwe na Kifipa ni ndugu, na baada ya dakika tano walikuwa wanaongea kama watu wa ukoo mmoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Mimi nilifuata bila shida. Pius peke yake ndiye aliyebaki anatabasamu bila kujua kwa nini.

Mama Chanda akafungua bakuli la plastiki. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimekatwa vipande kama keki. Chikanda. Mizizi yake nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Wanawake wanaichimba kwenye nyika za Ufipa, inajazwa magunia, inavuka mpaka, na sisi tunabaki tunajiuliza Wazambia wanaifanyia nini. Kumbe wanaisaga, wanaipika na unga wa karanga na pilipili mpaka inashikana. Ulaji wake ni kama nyama, ila si nyama. Pius alikula vipande vinne.

Kipande cha Deo mama yule alikinyoosha kutokea kushoto. Deo hakukiona. Mama Chanda aliusogeza mkono polepole, ukaja mbele, mbele zaidi, mpaka macho ya Deo yakaudaka. Deo akapokea, akashukuru, akaendelea na hadithi yake.

Baadaye Deo alipokwenda kunawa, mama alinigeukia na kusema kwa lugha yake, "Mwenzenu haoni pembeni. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Aliendesha baiskeli mpaka siku aliyomgonga mtoto wa jirani. Nyumbani wote tulijua. Tulimwonea haya."

Sikumuuliza yule mtoto alipona au la. Mpaka leo sijui.

"Anasemaje?" Pius aliuliza.

"Anasema chikanda hiki kimezidi chumvi kidogo."

"Mwambie hapana, kiko sawa kabisa," akasema Pius, na kwa adabu akachukua cha tano.

Lusaka, kisha kusini

Kwa sababu ya kule kukwama tulilikosa basi la Johannesburg, tukakaa Lusaka siku nzima kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa na kuku wengi kuliko wageni. Pius aliomba maji ya kuoga ya moto, akaletewa chai. Deo alitia matone yake ya macho akiwa chooni, mlango umefungwa, nami nilisimama nje kama mlinzi. Pius alipouliza kwa nini Deo anakaa chooni muda wote huo, nilisema ni chikanda.

Ukishazoea kudanganya mambo madogo, ulimi hauchelewi.

Tulivuka Zambezi pale Chirundu, tukapita Zimbabwe, tukafika Limpopo tumechoka mpaka tumbo halitaki chakula. Nilikuwa nimekaa na Deo. Kwenye nchi ile kavu yenye mibuyu na mawe alikuwa amegeuza kichwa chote dirishani. Nilimwambia yale maneno ya Mama Chanda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sijamgonga mtu," akasema.

"Bado."

"Nimekwambia nitaacha."

"Deo, tumwambie Pius. Leo. Ni mtoto wake."

"Tukishaona maonyesho," akasema. "Siku moja tu, Hamisi. Niache niwe mimi kwa siku moja."

Nikamwacha. Nilijiambia kwamba Anjela wakati ule alikuwa likizo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa hatarini. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nikaweza kujificha nyuma ya ukweli huo.

Ukumbini

Mmeniuliza ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Ungeweza kuliweka soko letu lote mle ndani na bado watu wakacheza mpira pembeni. Tulisimama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, mbele yetu kijana aliyevaa mabawa ya maboksi yaliyokuwa yanatupiga usoni kila alipogeuka. Ndani, skrini zilikuwa kubwa kama kuta za nyumba. Watu wazima, wenye mvi zao, walikuwa wamevaa kama askari na majini wa kwenye magemu, na hakuna aliyewacheka. Pius alipiga picha na jini lenye pembe, akalisalimia "shikamoo" kwa mazoea, jini likainama.

Deo alisimama katikati na mdomo wazi. Kwa nusu saa alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu siku za mwanzo za kibanda cha gemu. Kisha watu wakaongezeka. Walikuwa wanatokea ubavuni mwake, wanamgonga, wanaomba radhi, yeye anaruka kama mtu anayerushiwa mawe. Akaniambia ataegemea kwenye nguzo moja ya njano apumzike, tumkute hapo. Mimi na Pius tukaenda kucheza. Tuliporudi, nguzo ilikuwepo na Deo hayupo.

Tulizunguka. Simu yake haikuwa na laini ya kule. Saa nzima ikapita, ya pili ikaanza. Hatimaye tulikwenda kwa mlinzi, mwanamke mrefu mwenye redio begani. Aliuliza kwa Kiingereza, Pius akawa anatafsiri ili tusikosee. Anaitwa nani? Amevaa nini? Ana umri gani?

"Anauliza kama ana ugonjwa wowote," Pius akasema. "Nimwambie hana?"

Nilimwangalia yule mwanamke. Nikamwangalia Pius.

"Mwambie ana presha ya macho. Haoni pembeni, anaona mbele tu."

Pius alifungua mdomo kutafsiri. Alisema maneno kama matatu ya Kiingereza, akanyamaza. Nilimwona anapiga hesabu: vioo, ofisa wa Tunduma, walimu wasiosalimiwa, choo cha Lusaka. Hesabu ilipofika Izia, uso wake ukabadilika.

"Tangu lini?"

"Masika."

"Mwanangu anapanda pikipiki yake kila asubuhi."

"Najua."

"Unajua," alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipiga. Akamgeukia mlinzi, akamalizia kutafsiri, vizuri kabisa, neno kwa neno.

Tulimkuta Deo kwenye kona moja tulivu, karibu na ukuta wa nyuma, ameketi kwenye kiti, hedifoni masikioni, pedi ya kuchezea mkononi, amefumba macho. Kando yake alikuwa dada mmoja mwenye miwani nyeusi na fimbo nyeupe iliyoegemezwa mezani. Jina lake Thandeka, wa Durban. Alikuwa kipofu kabisa, na alikuwa anamchapa Deo kwenye gemu la kupigana. Deo! Mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona anapigwa.

Alipovua hedifoni alitueleza kama mtoto. Alikuwa amezidiwa na watu, akafuata ukuta, akasikia sauti za gemu analolijua. Yule dada alimsikia akijigonga kwenye meza, akamuuliza, "Unaona kiasi gani?" Deo hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote asiye daktari. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alimjibu ukweli wote. Naye akamkalisha, akamwambia afumbe macho asikilize: hatua za adui zinatokea sikio gani, ngumi ina mlio gani, teke lina mlio gani.

"Nimeshinda raundi moja," Deo alisema. "Kwa masikio!"

Kisha akauona uso wa Pius, maana Pius alikuwa amesimama mbele yake kabisa.

"Nimemwambia," nikasema.

Pius alimsubiri Thandeka aagane na Deo, akamshukuru kwa heshima zote. Ndipo akamwambia Deo, "Macho yako nayasikitikia, Mungu anajua. Lakini ulimchukua mtoto wangu ukamfanya ngao ya safari yako." Deo hakujitetea. Alisema, "Ni kweli." Hatukucheza tena siku ile, wala kesho yake hatukurudi ukumbini.

Kurudi

Njia nzima ya kurudi Pius alikaa kiti cha mbele peke yake. Chakula alikigawa sawa, mafungu matatu, akatupa yetu bila neno. Zimbabwe yote tuliipita hivyo, na Zambia karibu yote. Mimi na Deo nasi hatukuwa na la kuambiana. Kila mmoja alikuwa anajiona kwa mwenzake kama kwenye kioo.

Nilifikiri sana. Deo alikuwa anapoteza macho, woga wake naufahamu. Mimi sikuwa napoteza kitu. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi, na hilo nikaliita urafiki.

Nakonde, tukisubiri kuvuka, Deo alimfuata Pius. "Pikipiki siigusi tena. Na nataka nimwambie shemeji mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usimwambie kabla yangu."

"Hata mimi nisingejua nianzie wapi," Pius alimjibu. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyotusemesha tangu Johannesburg.

Izia

Tulifika siku ya Jumamosi mchana, tukaenda moja kwa moja kwa Pius, mabegi mgongoni. Mkewe, Salome, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alitukaribisha kwa shangwe, akataka kuleta uji. Deo akamwomba akae kwanza.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Salome aliendelea kuchambua maharage mpaka kazi ikamshinda vidole. Alimuuliza Deo swali moja tu: "Kuna siku ulikaribia kuanguka naye?"

"Mara moja. Pale kwenye kona ya kuingia Katandala. Gari lilitokea kushoto, sikuliona. Lilifunga breki."

Hilo hata mimi sikulijua. Pius alitoka nje.

Salome alilia kidogo, akajifuta kwa khanga. Akamwambia Deo aendelee na matone yake, asikose hata siku moja, na kwamba siku ya kwenda kliniki Mbeya amwambie Pius, wataenda wote. Nilidhani mambo yameishia hapo. Ndipo akanigeukia.

"Na wewe Hamisi? Wewe macho yako ni mazima?"

"Ni mazima, shemeji."

"Na ulikuwa unawaona wakipita dukani kwako?"

"Kila siku."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakunitukana. "Basi shule zikifunguliwa, utakuja hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utampeleka wewe. Kwa miguu. Mpaka nitakaposema basi."

Shule zimefunguliwa wiki ya tano sasa. Deo yuko Kasense kwao, anaangalia shamba na mama yake, na siku za soko anakuja kukaa nami dukani. Pius ananijibu salamu. Jana aliongeza kuniuliza habari za biashara. Salome hajasema basi, nami sijamuuliza. Kutoka Izia hadi shuleni ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu ya mtoto wa darasa la pili, zaidi kama kuna matope. Leo asubuhi tulipokaribia ile kona ya kuingia Katandala, Anjela alinishika kidole, akasimama, akaangalia kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Akaniuliza, "Na wewe umeangalia?"

Nikamwambia bado. Nikaangalia.